Matini ya André Yav Katika Intaneti: Inasomwa kwa Ufunguo wa Nani?

Mwaka 1965, katika mji uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville, André Yav aliandika kwa taipu historia ya mji huo tangu mwanzo wake hadi siku zake mwenyewe. Hakuiandika kwa jina lake peke yake. Aliiandika kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, wale walioitwa na mabwana zao "boy", neno ambalo Kiswahili cha mji kililipokea likawa boyi. Kichwa alichokichagua kilikuwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, ingawa ndani yake Kiswahili ndicho kilichotawala. Mwaka 1966 mji ukapewa jina la Lubumbashi. Matini ikabaki na jina la zamani.

Baada ya robo karne, yaani mwaka 1990, matini hiyo ilichapishwa katika kitabu huko Uholanzi na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango. Mwaka 2001 ikawekwa katika intaneti. Leo mwanachuo wa Lubumbashi, wa Kalemie au wa Bukavu, mwenye simu na fedha kidogo ya kununua muda wa mtandao, anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa ya mkutubi yeyote. Hili ni jambo kubwa, na mwenye kulidharau hajui jinsi vitabu vya aina ile vilivyo ghali. Lakini swali moja halijaulizwa vya kutosha na wale wanaojifunza Kiswahili cha Kongo: msomaji huyo anapoifungua matini ya Yav, anasoma nini hasa, na ni nani anayemwongoza katika kuielewa?

Yafaa kuanza na matini yenyewe, maana wengi wanaoitaja hawakuisoma mpaka mwisho. Anayeiendea akitafuta msamiati, yaani orodha ya maneno na maana zake, atashangaa. Hamna orodha. Mna masimulizi: enzi za Leopold II na watu wake, kufika kwa Wazungu katika Katanga, migodi, mji ulioanzishwa mwaka 1910, kazi za jikoni na za bustani, mishahara na dharau, kisha uhuru na misukosuko iliyoufuata. Neno vocabulaire, lililotoka katika vitabu vya shule vya Kifaransa, limetwaliwa na kupewa kazi nyingine. Hapo pana onyo la kwanza kwa mtafiti: hata neno analodhani analijua, kwa kuwa ni la Kifaransa, huenda halisemi katika karatasi hii kile linachosema Brussels.

Fabian alikipa kitabu chake jina la History from Below, yaani historia itokayo chini. Jina hilo lina haki yake, kwa sababu mtumishi wa nyumbani aliingia kwa mlango wa nyuma, akaona meza ikiandaliwa na akasikia yaliyosemwa mezani. Gavana hakuyaandika hayo. Hata hivyo, jina hilo lina upungufu. Anayelisoma atadhani kwamba Yav anajiona yuko chini, ilhali sauti ya matini siyo ya mtu anayelalamika kutoka chini. Ni sauti ya shahidi aliyeitwa na wenzake, naye anatoa hukumu juu ya mabwana, juu ya serikali, na pengine juu ya Waafrika wenzake. "Chini" ni mahali alipowekwa na wengine. Msomaji akiingia katika matini kwa mlango wa kichwa hicho cha Kiingereza, atakuwa ameambiwa namna ya kumsikiliza Yav kabla Yav hajafungua kinywa.

Sasa kuhusu namna matini ilivyofika hapo ilipo. Yav aliandika jinsi alivyosikia. Hakufuata tahajia ya Kiswahili sanifu cha Tanzania, wala hakufuata kwa ukamilifu desturi ya wamisionari wa Katanga. Mipaka ya maneno katika karatasi zake si ile inayofundishwa shuleni. Alama za vituo ni chache. Sentensi moja humiminika katika nyingine. Jicho lililozoea vitabu hukwama. Kwa sababu hiyo Fabian alimwomba Kalundi Mango aisome matini yote kwa sauti, sauti hiyo ikanaswa katika kanda, kisha ikaandikwa upya, na kutokana na andiko hilo la pili ikapatikana tafsiri ya Kiingereza. Kitabu cha mwaka 1990 kinayaeleza hayo waziwazi, na mwanaisimu Walter Schicho wa Vienna aliongeza maelezo yake kuhusu lugha.

Ni lazima kutua hapa, kwa maana ndipo penye kiini cha jambo. Pana vitu vinne, wala si kimoja: karatasi za Yav; sauti ya Kalundi Mango; andiko la sauti hiyo; na tafsiri. Mtu anayesoma kwa sauti matini isiyo na vituo hulazimika kuamua mambo mengi. Huamua sentensi inaishia wapi. Huamua kama maneno haya ni swali au ni kauli, kama ni ya msimulizi au ni ya bwana anayeigwa na mtumishi wake. Huamua kama herufi zile ni neno moja au mawili. Kila uamuzi wa namna hiyo ni tendo la uhakiki. Kwa hiyo mhakiki wa kwanza wa matini ya Yav siye profesa wa Amsterdam. Ni msomaji aliyekijua Kiswahili hicho, ambaye kazi yake yote ilitokana na sikio lake. Jina lake limetajwa kwa heshima katika kitabu, lakini wanaoinukuu matini hiyo katika makala zao mara nyingi huandika tu "Yav 1965" au "Fabian 1990", na yule aliyeipa matini pumzi hutoweka katikati.

Hifadhi ambamo matini hiyo iliwekwa iliandaliwa na Fabian pamoja na Vincent de Rooij katika Chuo Kikuu cha Amsterdam wakati wa miaka ya 1990. De Rooij si mgeni wa lugha hii. Mwaka 1996 alitoa kazi yake kuhusu mchanganyiko wa Kifaransa na Kiswahili katika Shaba, kama mkoa wa Katanga ulivyoitwa wakati ule. Mkusanyo wao wa Kiswahili cha watu una mazungumzo, michezo ya kuigiza ya kundi la Mufwankolo, na maandiko ya namna mbalimbali, mengi yakiwa yamenaswa wakati Fabian alipokuwa akifundisha Lubumbashi kati ya mwaka 1972 na 1974.

Katika mkusanyo huo, mfano unaoonyesha vizuri zaidi faida ya intaneti ni ule wa mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, akazieleza kwa maneno mbele ya Fabian na kinasa sauti chake. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Remembering the Present, kilitoka Marekani mwaka 1996. Ni kitabu kizuri, lakini maneno ya mchoraji yamo humo kwa Kiingereza. Kiswahili alichokisema, kikiwa kimechanganyika na Kifaransa kama kilivyo katika midomo ya watu wa mji, kisingepata nafasi katika kitabu cha biashara. Mhariri gani angekubali kuongeza mamia ya kurasa za lugha ambayo wanunuzi wake hawaisomi? Mwaka 1998 mazungumzo hayo yaliwekwa katika intaneti. Hapo ndipo mtandao ulipofanya kile ambacho karatasi ilishindwa kukifanya. Aliyetazama picha ya Lumumba iliyochorwa na Tshibumba, picha ambayo hutembea duniani kote ikiwa imetengwa na maneno yake, anaweza kurudi na kumsikia mchoraji akieleza kwa nini aliichora hivyo.

Fabian mwenyewe aliyatafakari haya katika kitabu alichokitoa mwaka 2008, Ethnography as Commentary. Hoja yake, kwa ufupi, ni hii: zamani mwanaanthropolojia alikwenda ugenini, akarudi na daftari zake, akaandika kitabu, msomaji alilazimika kumwamini, kwa kuwa daftari zilibaki kabatini. Matini ikiwekwa mbele ya macho ya wote, maandishi ya mtaalamu hubadilika na kuwa ufafanuzi wa kitu ambacho msomaji naye anakiona. Mtaalamu hawezi tena kusema lolote alitakalo. Hoja hiyo ameijenga juu ya mazungumzo aliyoyafanya na mganga Kahenga mjini Lubumbashi mwaka 1974, kuhusu namna ya kuikinga nyumba na mabaya.

Hoja hii ina nguvu, na ina adili ndani yake. Ni nadra kwa mtaalamu kujitolea kukosolewa kwa namna hiyo. Lakini ichunguzwe kwa karibu. Kuwekwa kwa matini mbele ya macho ya wote si sawa na kusomwa na wote. Utangulizi, maelezo na tafsiri za mkusanyo huo vimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Msomaji wa Berlin au wa Chicago ana ufunguo, lakini hana sikio la kuusikia mlango. Msomaji wa Lubumbashi ana sikio, lakini ufunguo aliopewa ni wa lugha ambayo hakuifunzwa; shuleni amesoma kwa Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba ukaguzi aliouahidi Fabian hufanywa na wale wasioweza kukagua Kiswahili, na wale wanaoweza kukikagua hawawezi kuikagua tafsiri. Matini imerudi nyumbani, lakini imerudi ikiwa na mkalimani asiyesema na wenyeji.

Ipo pia haki ya Kahenga mwenyewe, jambo ambalo mtafiti hapaswi kulipita haraka. Mganga alizungumza na mtu mmoja, katika mwaka ambao hakuna aliyeweza kufikiri kwamba maneno yake yangesomwa siku moja katika nyumba yoyote duniani. Ujuzi wa mganga una daraja zake: kuna unaosemwa hadharani, kuna unaosemwa kwa mwanafunzi, na kuna usiosemwa. Intaneti haina daraja. Haitoshi kujibu kwamba aliridhia kinasa sauti.

Kuhusu gharama na uzito wa mtandao nchini mengi yamekwisha kusemwa, na hayahitaji kurudiwa kwa kirefu. Kabla ya kebo ya WACS kufunguliwa Muanda mwaka 2013, nchi ilitegemea zaidi setilaiti, na ukurasa mmoja wenye picha ulikuwa mtihani wa subira. Hata leo umeme hukatika katikati ya kazi. Lakini kikwazo kikubwa zaidi si waya. Ni namna mashine inavyotafuta.

Programu ya kutafutia haielewi. Inalinganisha herufi, na hata zile mpya zinazodai kuelewa zimefunzwa kwa maandishi yaliyokuwepo kwa wingi. Wingi huo katika Kiswahili ni wa Tanzania na Kenya. Mwanafunzi aandikapo "watu wanafanya kazi" huletewa magazeti ya Dar es Salaam. Katika Kiswahili cha Lubumbashi watu hao ni bantu, na wanachokifanya ni kutumika. Na kinyume chake ni hatari zaidi: msomaji wa pwani akikuta "bantu banatumika" katika matini ya Katanga, ataona watu wanaotumiwa kama vyombo, wala hataona watu walio kazini. Katika historia ya watumishi wa nyumbani makosa hayo si madogo. Yanaweza kugeuza sentensi inayosema kwamba mtu alikuwa na kazi ikawa sentensi inayosema kwamba mtu alikuwa mnyonge.

Mifano ni mingi. Mukanda katika Katanga ni barua au kitabu. Mkanda wa kamusi sanifu hufungwa kiunoni. Bibi ni mke, wala si mama wa mzazi. Mtu akisema "baba iko", hajakosea upatanisho wa ngeli. Amesema Kiswahili cha kwao, kinachotumia iko mahali ambapo sanifu ingetaka yupo. Mtafiti asiyeyajua hayo huandika katika tasnifu yake kwamba matini "imejaa makosa", kisha akayasahihisha kabla ya kunukuu, na kwa kusahihisha ameifuta data yake. Kosa la namna hii halikuletwa na intaneti, lakini intaneti imelirahisisha, kwa kuwa sasa zipo programu zinazopigia mstari mwekundu kila neno la Yav.

Pana mfano mwingine unaostahili kuangaliwa kwa makini, nao ni wa uvumi wa wanyonya damu au wala watu. Katika Katanga ya ukoloni watu walisimulia juu ya batumbula, waliodaiwa kukamata Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu. Matini ya Yav nayo imeugusa uvumi huo, na ni kawaida, kwa sababu boyi, aliyeijua nyumba ya Mzungu ndani na nje, alikuwa karibu zaidi na siri iliyodhaniwa kufichwa humo. Uvumi unaofanana ulisikika Kenya na Tanganyika kwa jina la mumiani na la wazimamoto, na Rhodesia ya Kaskazini kwa jina la banyama. Mwanahistoria Luise White aliukusanya katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires, akionyesha kwamba masimulizi hayo yanaeleza kazi, mshahara na mamlaka kwa lugha ya damu. Sasa, mtafiti wa Mombasa anayeandika mumiani katika mashine hatakutana na batumbula. Na wa Lubumbashi anayeandika batumbula pengine hatakutana na mutumbula au mitumbula, maana jina hilo nalo huandikwa kwa namna nyingi. Uhusiano kati ya majina hayo haukupatikana kwa kubonyeza. Ulipatikana kwa kusoma na kuuliza watu katika nchi zaidi ya moja. Aliyekwisha kuujua anaweza kurudi kwenye mtandao akafaidi sana. Asiyeujua ataondoka na nusu ya habari, akidhani ameimaliza.

Hata mikusanyo mikubwa ya kitaalamu ina mwelekeo huo. Mkusanyo wa Kiswahili wa Helsinki, ulioasisiwa na Arvi Hurskainen, ni msaada usio na mfano kwa wanaisimu. Toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25. Lakini maneno hayo yametoka hasa katika magazeti, vitabu na kumbukumbu za Bunge za Tanzania. Mwanafunzi akichukua humo takwimu za neno kutumika na kuandika kwamba "katika Kiswahili" maana yake ni hii, amesema kweli kuhusu Bunge la Dodoma, naye amekosea kuhusu Kamalondo. Mkusanyo haudanganyi, jina lake ndilo pana kuliko mwili wake.

Katika misimbo ya kimataifa ya lugha, Kiswahili kimegawanywa: swh ni cha pwani, swc ni cha Kongo, na swa ni jina la jumla linaloviunganisha. Wapo wanaochukizwa na mgawanyo huu, wakiona kwamba unawafukuza Wakongo kutoka katika Kiswahili. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini madhara ya kutotenganisha yanaonekana kila siku: tovuti nyingi na mashine za kutafsiri hutambua Kiswahili kimoja tu, na matini ya Lubumbashi ikipitishwa humo hutendewa kama Kiswahili kibovu cha Zanzibar. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri mwaka 2009. Ni lugha gani iliyoongezwa, hakuna aliyewauliza watu wa Katuba.

Hayo ni ya mashine. Ya watafiti wenyewe si mepesi zaidi. Katika tasnifu nyingi za miaka hii, chanzo kikitoka katika intaneti huandikwa kana kwamba intaneti ndiyo mwandishi. Sentensi hukatwa na kubandikwa, anwani ndefu hutajwa chini ya ukurasa, basi. Hakuna aliyeeleza matini iliandikwa na nani, ilisomwa na nani, iliandikwa upya lini, ilitafsiriwa kutoka tabaka gani. (Walimu wanaolaumu wanafunzi kwa hili wajitazame nao, si wachache walionukuu tafsiri ya Kiingereza ya Yav na kuirudisha katika Kiswahili sanifu, wakamnukuu Yav kwa maneno ambayo hakuyaandika.) Isitoshe, tovuti huhama na hufa. Kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Yale katikati ya miaka ya 1990 iliondoka Yale baadaye, na anwani za siku zile zilizochapishwa katika makala hazimsaidii mtu. Aliyeiona matini katika skrini na hakuhifadhi nakala wala tarehe, hawezi kumwonyesha msomaji wake alichokiona.

Ipo dawa, nayo si ya kukimbia mtandao. Mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa Le swahili de Lubumbashi, kitabu chenye sarufi, matini na msamiati, kwa Kifaransa. Kitabu hicho kikiwekwa kando ya skrini yenye matini ya Yav, msomaji wa Lubumbashi anapata kwa mara ya kwanza ufunguo wa lugha aliyoisoma shuleni. Kazi ya kufafanua matini ya Yav kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, aya kwa aya, yenye kukubali pale tafsiri ya mwaka 1990 ilipopata na kupinga pale ilipokosa, bado inawangoja watu. Ni kazi ya tasnifu kadhaa, si moja. Ingekuwa pia jibu la kweli kwa hoja ya Fabian, kwa maana ufafanuzi alioutaka yeye ni ule unaoweza kujibiwa.

Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliokuwa na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu miongoni mwa viongozi wake, ulikwisha kuonyesha tangu mwaka 2000 kwamba wakazi wa mji wanaweza kuitwa kuieleza historia yao wenyewe, kwa maneno na kwa vitu vya nyumbani mwao. Watumishi waliomtuma Yav mwaka 1965 walikuwa tayari watu wazima, wengi wao wakiwa wazee. Wa kuulizwa leo ni watoto na wajukuu wao. Hao ndio wanaojua majina ya utani ambayo mabwana walipewa jikoni, mitaa ilivyoitwa kabla ya vibao kubadilishwa, na neno lipi katika karatasi ya Yav ni la heshima na lipi ni la kejeli. Tofauti kati ya heshima na kejeli haionekani katika herufi.

Kwa hiyo mtafiti anayeichapa matini kutoka katika intaneti afanye kama ilivyofanywa mara ya kwanza. Achukue karatasi hizo aende kwa mtu aliyekulia Kamalondo, Kenya au Katuba, amwombe azisome kwa sauti, au amsomee yeye, na aandike pembeni kila mahali ambapo msikilizaji amecheka, amemkatiza, au amesema kwamba neno hilo halitamkwi hivyo.